Birbal hana kazi Chelm: kutamba hadithi za Kihindi na za Kiyahudi mbele ya watu wazima

SWALI

"Mwalimu, mimi ni mzaliwa wa Mombasa, kwetu ni Wagujarati. Bibi alikuwa akitusimulia visa vya Kihindi usiku, nusu Kigujarati nusu Kiswahili. Sasa niko Toronto, nimeolewa na Myahudi ambaye wazee wake walitoka Poland. Maktaba ya mtaani kwetu imetuomba mimi na mume wangu tutambe hadithi kwa watu wazima, saa moja na robo, tukichanganya za kwetu na za kwao. Tulijaribu sebuleni mbele ya marafiki. Tulimpeleka Birbal, yule waziri mwerevu wa mfalme Akbar, akawe hakimu katika mji wa Chelm, wale wajinga wa hadithi za Kiyahudi. Watoto walicheka. Wakubwa walikuwa wapole, lakini baada ya robo saa nikaona simu zinatoka mifukoni. Tumekosea wapi? Tena, je, nianze na Paukwa, au nitaonekana naleta kitu cha tatu? Na mume wangu ana sauti nzuri lakini hataki kuimba."

JIBU

Dada, nilipofika pale pa Birbal kupewa uhakimu wa Chelm nilicheka peke yangu, kisha nikaelewa simu zile zilitoka kwa nini. Raha ya visa vya Birbal ni kungoja: mfalme amemtega, wivu wa wenzake barazani umemzunguka, atatokaje? Raha ya Chelm ni nyingine kabisa. Kule hakuna mwenye akili, na kila mmoja anajiona Sulemani. Unakaa ukitazama ujinga unavyojengwa hoja juu ya hoja, kila hoja ukiisikia peke yake ni sawa, mpaka watu wazima wanaufungia mwezi ndani ya pipa la maji ili wauweke akiba kwa usiku wa giza. Sasa mlete Birbal hapo. Anafunua pipa, anawaonyesha kivuli, kisa kimekwisha. Hana wa kushindana naye, na wao hawana tena nafasi ya kujenga. Hadithi zote mbili zimekufa papo hapo, na watoto walichocheka ni maiti yake tu, yale mavazi na sauti.

Nakucheka kwa sababu nimepita njia hiyohiyo, tena kwa jambo zito zaidi. Miaka ya mwanzo ya kazi hii nilichukua hukumu ya Mfalme Sulemani, ile ya Wafalme wa Kwanza sura ya 3, nikaiunga na hukumu ya Mahosadha katika Jataka, zile hadithi za maisha ya Buddha yaliyotangulia. Zinafanana mno: wanawake wawili, mtoto mmoja, kila mmoja anasema ni wake. Nikatengeneza hakimu mmoja, nikampa upanga wa huku na mstari wa kule. Ukumbini walikuwamo wazee wa Kihindi na wa Kiyahudi. Walipiga makofi ya adabu. Baadaye bibi mmoja akanijia, akaniambia kwa upole kwamba ile anayoijua yeye haikuwamo. Jirani yake, wa upande wa pili, akasema na yake pia haikuwamo.

Nikarudi kuzisoma upya, kila moja peke yake, ndipo nikaona nilichokuwa nimekitupa. Sulemani hajui. Ni kijana, ndiyo kwanza ameomba hekima ndotoni, na kesi aliyoletewa haina shahidi: makahaba wawili, nyumba moja, usiku. Anaagiza upanga, na kwa muda wa pumzi moja kila mtu barazani anaamini kweli mtoto atapasuliwa. Mahosadha yeye anajua tangu mwanzo. Yule mwanamke wa pili ni jini mla watu. Amemtambua kwa macho mekundu yasiyopepesa. Hata hivyo anachora mstari chini, mmoja ashike mikono ya mtoto, mwingine miguu, wavute. Mtoto analia, mama anamwachia na kubaki amesimama anatokwa na machozi. Hapo Mahosadha anawageukia watu, si wanawake: moyo ulio mwororo kwa mtoto ni wa nani, wa mama au wa asiye mama? Jaribio lile halikuwa kwa ajili yake. Lilikuwa kwa ajili ya umati. Basi moja ni hadithi ya mtu anayepapasa ukweli gizani, nyingine ni ya mtu anayeujua ukweli na anataka watu wauone kwa macho yao. Mimi nilizisaga pamoja nikabaki sina hata moja.

Wewe ni mtu wa Mombasa, utanielewa: wali ukipondeka, si pilau tena, ni bokoboko. Bokoboko nayo tamu, lakini hukuwaalika watu kwa bokoboko. Tangu siku ile sihamishi mhusika, siungi matukio. Kila hadithi inabaki kwao, na majina yake, na vyakula vyake, na Mungu wake. Ninachofanya ni kuziketisha jirani mbili zinazouliza swali moja zikajibu tofauti, kisha ninyamaze katikati. Kuchanganya ni kazi ya waliokaa kwenye viti.

Na mbili za namna hiyo hutazitafuta kwa tochi, kwa sababu hadithi za Wahindi na za Wayahudi zimesafiri pamoja muda mrefu kuliko ndoa yenu. Panchatantra, kile kitabu cha visa vya wanyama vya Kihindi, ilitoka Kisanskriti ikaingia Kipahlavi, lugha ya Uajemi ya zamani, katika karne ya 6, kwa mkono wa tabibu Burzoy wa mfalme Khosrow Anushirvan. Katika karne ya 8 Ibn al-Muqaffa akaitia kwenye Kiarabu kwa jina la Kalila na Dimna. Kutoka Kiarabu ikaingia Kiebrania, nakala inayotajwa kuwa ya Rabi Joel, na ile ya Kiebrania ndiyo Yohana wa Capua, Myahudi aliyebatizwa, aliyoifasiri kwa Kilatini kati ya mwaka 1263 na 1278. Ulaya nzima ikanywa kutoka hapo. Yaani mbweha na simba wengi wa Kihindi waliingia Ulaya wakiwa wamevaa kanzu ya Kiebrania. Hata maisha ya Buddha mwenyewe yalipita njia hiyo: Abraham ibn Hasdai wa Barcelona aliyaandika kwa Kiebrania katika karne ya 13 kama kisa cha mwana wa mfalme na mtawa. Usiwasomee watu haya jukwaani, watalala. Ni kwa ajili yako, ujue unapokanyaga.

Nikuonyeshe jozi moja kwa karibu, ninayoipenda kuliko zote kwa hadhira ya wakubwa.

Katika Jataka, simba amekwamwa na mfupa kooni. Kigong'ota anamwona, anamhurumia, lakini si mjinga: kabla ya kuingia anaweka kijiti kinywani mwa simba, kisimame kati ya taya la juu na la chini. Anaingia, anautoa mfupa, anapotoka anakiangusha kijiti. Siku nyingine anamkuta simba yuleyule anakula nyati, anamjaribu kwa kumkumbusha ule wema. Simba anamjibu kwamba yeye ni mla damu. Kuingia katikati ya meno yake na kutoka hai, hayo ni malipo ya kutosha. Kigongʼota anasema maneno machache juu ya wasio na shukrani, anaruka zake. Kisa cha tabia hicho. Unajifunza kumjua mtu.

Sasa upande wa pili. Katika midrashi, yaani maelezo ya marabi, ya kitabu cha Mwanzo inasimuliwa kwamba, mwanzo wa karne ya 2, Warumi waliruhusu Hekalu la Yerusalemu lijengwe upya, kisha wakaweka masharti ambayo kwa kweli yalikuwa ni kukataza. Watu wamekusanyika katika bonde la Beth Rimmon. Barua ikasomwa, watu wakalia, kisha kilio kikageuka hasira, wanataka kuinuka dhidi ya Rumi. Wazee wakatafuta mtu wa kuwatuliza, wakamtoa Rabi Yoshua ben Hanania. Akasimama mbele ya umati ule akatamba hadithi. Simba alikuwa anakula windo, mfupa ukamkwama. Akatangaza: atakayeutoa nitampa malipo. Akaja korongo wa Misri mwenye mdomo mrefu, akautoa, akasema nipe malipo yangu. Simba akamwambia: nenda ukajisifu kwamba uliingia kinywani mwa simba kwa amani ukatoka kwa amani. Rabi akamalizia: na sisi yatutoshe kwamba tuliingia katika mambo ya taifa hili kwa amani na tukatoka kwa amani.

Umeona? Mnyama yuleyule, mfupa uleule, jibu la simba karibu neno kwa neno. Kwa kigongʼota ni simba asiye na shukrani. Kwa Rabi Yoshua simba ni dola, na kubaki hai ndiyo malipo. Mtu mzima aliyewahi kudai haki yake kwa mkubwa akaambiwa ashukuru hajafukuzwa, anazisikia zote mbili mwilini. Ukitamba, anza na ya kigongʼota, itambe kwa wepesi, na kile kijiti uwaonyeshe kwa kidole kilichosimama, watu hukipenda. Kisha mumeo asimame, asiseme "na sisi tunayo kama hiyo". Hayo ni maneno ya kuua. Aanze na bonde, na barua, na kilio. Hadhira ikifika kwa simba itashtuka yenyewe. Akimaliza neno la mwisho, mhesabu kimoyomoyo mpaka nane kabla ya yeyote kufungua kinywa. Mara ya kwanza nane itakuwa ndefu kama foleni ya feri ya Likoni. Vumilieni.

Hapo ndipo tofauti ya watoto na wakubwa ilipo, wala si matusi au mapenzi kama wengi wanavyodhani. Mtoto anataka kujua kilichotokea. Mkubwa anataka kuachwa na kitu cha kubishana naye njiani akienda nyumbani. Rabi Nachman wa Breslov, aliyeanza kutamba ngano zake ndefu mwaka 1806, alisema watu hudhani hadithi ni za kumlaza mtu, naye anazitamba kuwaamsha. Mahubiri ya Kiyahudi yana mfano na yana ufafanuzi wake nyuma. Vitabu vya Kihindi vina beti za mafunzo kila ukurasa. Vyote viwili ni mali halali, lakini kwa kikao chenu kateni ufafanuzi. Mkitamka funzo, mmewafungia mlango.

Jozi ya pili iwe ndiyo kitovu cha usiku, na hii ni ya mtanziko. Shuleni tulifundishwa kuziita ngano za mtanziko, zile zinazoishia kwenye swali, na tukazisoma kana kwamba ni zetu peke yetu.

Kwa Kihindi una mfalme Vikram na Vetala. Vetala ni pepo anayekaa ndani ya maiti. Mfalme amepewa kazi na mtawa mmoja mwenye hila: akaitoe maiti inayoning'inia mtini, huko wanakochomea wafu, ailete usiku bila kusema neno. Anaibeba begani. Maiti inaanza kusimulia ili kufupisha njia, na kila hadithi inaishia kwa swali. Ukijua jibu ukanyamaza, kichwa chako kitapasuka. Ukisema, umevunja ukimya, na Vetala anarudi mtini, nawe urudi ukaanze upya. Mara 24 mfalme anajibu, mara 24 anarudi. Mimi sijui fremu iliyo bora kuliko hii kwa jukwaa. Inakupa mwendo, inakupa uzito begani, inakupa haki ya kusimamisha hadithi panapouma.

Chagua ile ya binti na wachumba watatu. Binti amekufa kabla hajaolewa, amechomwa. Mmoja anajenga kibanda pale pale, analala juu ya majivu yake. Wa pili anachukua mifupa kuipeleka mto Ganga. Wa tatu anatangatanga dunia mpaka anapata maneno ya kufufua. Anarudi, binti anainuka. Ni mke wa nani? Vikram anajibu: aliyempa uhai amefanya kazi ya baba, aliyepeleka mifupa amefanya kazi ya mwana, aliyelala juu ya majivu ndiye mume. Na maiti imeshatoka begani.

Upande wa Kiyahudi kuna ile ya ndugu watatu. Wametawanyika dunia kutafuta ajabu: mmoja darubini inayoona mbali kupita upeo, mmoja zulia linaloruka, mdogo wao komamanga linaloponya. Kwa darubini wanamwona binti mfalme mgonjwa, kwa zulia wanafika, kwa punje za komamanga anapona. Nani amwoe? Katika toleo ninalolipenda, mfalme anataka kuamua, binti anamwomba amwachie aulize yeye mwenyewe. Anamwuliza wa kwanza: darubini yako imebadilika tangu ulipokuja? La. Zulia lako? La. Komamanga lako? Ndiyo, punje zimepungua. Basi ni huyu, kwa kuwa ametoa katika kile alichokuwa nacho.

Ziweke jirani hizi mbili uone. Kule jibu linatafutwa katika undugu: kitendo chako kimekufanya nani kwake? Huku linatafutwa katika hasara: wewe umepungukiwa nini? Na tazama kingine ambacho ukumbi wa wakubwa hautakiacha kipite. Kule mwanaume anajibu akiwa na maiti mgongoni, na binti aliyefufuka hakuna aliyemwuliza kitu. Huku binti ndiye hakimu. Ninawajua wanawake wa Kihindi wanaomtetea yule wa majivu kwa machozi, na Wayahudi wanaosema komamanga ni hesabu ya duka. Acheni wabishane. Utaratibu wangu ni huu: wewe utambe ya Vetala mpaka kwenye swali, usimame na mzigo begani, usijibu. Mumeo atambe ya komamanga yote. Ndipo wewe urudi, mzigo bado begani, uwaulize waliokaa: mume ni nani? Wape dakika tatu, nne, waambiane na jirani. Kisha toa jibu la Vikram, uachie mzigo uanguke. Shuka iliyoviringishwa inatosha kuwa maiti. Usitumie mwanasesere, watu watacheka mahali pasipo pa kucheka.

Sasa Paukwa. Anza nayo, na usimwombe mtu radhi. Unasema unaogopa kuleta kitu cha tatu. Kitu hicho kilishakuwamo. Unaijua ile ya kima na papa? Askofu Edward Steere aliiandika kama alivyoisikia Unguja, ikatoka London mwaka 1870 pamoja na visa vingine, kwa jina la Kisa cha Punda wa Dobi. Kima yuko juu ya mkuyu, anamtupia papa matunda, papa anamwalika kwao, na katikati ya bahari anamfunulia: sultani wetu mgonjwa, dawa yake ni moyo wa kima. Kima anasema, mbona hukuniambia, mioyo yetu sisi tunaiacha mitini. Wanarudi, kima anapanda, na papa akimwita tena anajibiwa: umeniona mimi punda wa dobi, asiye na moyo wala masikio? Hiyo ni Panchatantra, kitabu cha nne, kima na mamba, na ndani yake yumo punda wa dobi vilevile. Hata neno dobi limekuja na jahazi hilo.

Na Wayahudi wanayo, katika Alfabeti ya Ben Sira, maandishi ya karne za kati. Kule ni mbweha. Malaika wa Mauti anatupa baharini jozi ya kila mnyama. Mbweha anasimama ufukweni analia, anaonyesha kivuli chake majini, anasema mwenzangu umeshamtupa. Anaachwa. Lewiathani, yule mnyama mkubwa wa baharini, anaposikia ujanja huo anautamani moyo wake, anatuma samaki wamlete, na mbweha anawaambia moyo ameuacha nyumbani. Sikiliza tofauti: mamba wa Kihindi anafuata moyo kwa sababu mkewe anautamani, papa wa Unguja anaufuata kwa sababu ni dawa ya mkubwa, Lewiathani anaufuata kwa sababu kwa Kiebrania moyo ndiko akili inakokaa, anataka kuila akili. Hii ndiyo njia yako ya kufungua usiku. Paukwa, Pakawa, kima na papa kama bibi yako angekutambia, dakika saba, kisha mumeo na mbweha. Umeshawaambia wewe ni nani, yeye ni nani, na bahari gani iko katikati, bila utangulizi wowote.

Mianzo ya kwao mnaweza kuitumia baadaye, kila hadithi na wake. Hadithi za Kisanskriti hupenda kuanza na "asti", yaani kuna: kuna mji fulani. Si palikuwa, ni kuna. Za marabi huanza na "maase", kisa, jambo lililotendeka kwa mtu fulani. Moja inafungua dunia iliyopo bado, nyingine inaleta ushahidi. Miili yenu isimame tofauti kwa kila moja.

Kuhusu mumeo na kuimba. Mwambie wapo waliomtangulia, tena Wayahudi, tena India. Bene Israel ni Wayahudi wa pwani ya Konkan, ambao masimulizi yao yanasema babu zao waliokoka kwenye merikebu iliyovunjika, wanaume saba na wanawake saba. Majirani waliwaita Shanivar Teli, wakamua mafuta wa Jumamosi, kwa kuwa siku hiyo hawakushika kinu. Kuanzia mwaka 1880, mjini Mumbai, waliichukua kirtani ya Kimarathi, ambayo ni kutamba kwa Wahindu hasa: mtambaji amesimama, nyuma yake harmonia, tabla na matoazi, anasema, anaimba, anasema tena, watu wanaitikia. Wakaijaza Yusufu na Musa na Daudi. Hawakumhamishia Musa mto Ganga. Walichukua umbo lote la jirani wakaweka kisa chao chote. Kirtani yenye mpangilio huanza na fungu la mafundisho, kisha ndiyo inakuja hadithi, na wimbo mfupi unarudi kila mara kuzifunga pamoja.

Huo wimbo mfupi ndio mumeo anaouhitaji, si zaidi. Wayahudi wa Hasidi, kundi la wacha Mungu, wana niguni, sauti isiyo na maneno, lai-lai, na isiyo na maneno haina cha kusahau. Achague moja, ya taratibu. Aiimbe mara tatu tu usiku mzima: baada ya mbweha, baada ya Rabi Yoshua, na mwishoni. Mara ya pili mpige chini yake tabla, polepole. Mara ya tatu watu wataishika wenyewe. Kama bado anakataa, aivume midomo ikiwa imefungwa. Nimeona wanaume wenye aibu kuliko yeye wakianza hivyo.

Mambo madogo, haraka. Msifanye Ijumaa usiku wala Jumamosi mchana, mtawakosa Wayahudi wanaoshika Sabato. Jumamosi baada ya giza kuingia ni bora, maana ndiyo saa Wahasidi wengi wana desturi ya kuketi mezani kumsindikiza Malkia Sabato kwa hadithi, na Nabii Eliya huimbwa. Angalia kalenda isikutane na Navratri, sikukuu ya Wahindu. Rama na Krishna wana watu wanaowaabudu leo, basi msiwafanye wachekeshaji; na jina la Mungu la Kiebrania msilitamke, semeni Mungu. Birbal na Chelm msiwatupe, wapeni kila mmoja dakika tano zake katikati, ukumbi upumue. Ile ya mwezi kwenye pipa inaketi vizuri na kisa cha Kibudha cha nyani walioona mwezi umeanguka kisimani wakashikana mikia kwenda kuutoa, tawi likakatika.

Kwa saa moja na robo hesabu yangu ni hii: kima na mbweha dakika kumi na tano, simba wawili kumi na tano, vichekesho kumi, Vetala na komamanga ishirini na tano pamoja na ubishi. Hiyo ni sitini na tano. Zile kumi zilizobaki msizijaze. Ubishi utazila, na msimamizi wa maktaba atachelewa kuanza.

Na mfanye mazoezi mmoja akiwa jikoni, mwingine sebuleni, bila kuonana. Mkisikia mwenzako amefika pabaya kwa sauti tu, hapo mko tayari.